Miaka Mitano ya Kusomea Meno: Ilitoka Wapi, na Je, Inaweza Kupunguzwa?

Tumezoea kuzungumza hapa juu ya malaria, chanjo na lishe ya watoto. Leo tutazungumza juu ya meno, na tutapitia njia ya historia.

Swali linalotuleta hapa ni la wazazi. Mtoto amemaliza Kidato cha Nne, amefaulu vizuri, naye anasema anataka kuwa daktari wa meno. Mzazi anauliza: itachukua miaka mingapi? Akiambiwa ni mitano chuoni na mmoja zaidi hospitalini, anashtuka. Anahesabu karo, anahesabu shamba, anawahesabu wadogo wanaomfuata huyo mtoto. Kisha anauliza swali la pili: hakuna njia ya mkato? Jirani amesikia kwamba Marekani kuna vyuo vinavyounganisha shahada mbili, mtu akamaliza upesi. Mwingine amesikia kwamba kuna mahali mtu hutoka na cheti baada ya miezi michache tu na kufungua chumba cha kung'oa meno sokoni.

Swali hilo si la aibu. Watu wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya miaka 100, na katika nchi nyingi. Tukifuata jinsi walivyolijibu, tutaona kwamba kuna miaka inayoweza kupunguzwa bila madhara, na kuna miaka ambayo ukiipunguza, mgonjwa ndiye anayelipa.

Meno katika bonde letu

Kwanza tuangalie hapa nyumbani. Jamii za Bonde la Ufa zilikuwa na wataalamu wao wa meno zamani, kabla ya reli kufika Nakuru mwaka 1900. Wamasai, na pia baadhi ya jamii za Wakalenjin, walikuwa na desturi ya kung'oa meno mawili ya chini ya katikati. Wazee walieleza sababu yake: mtu akipatwa na pepopunda, taya likajifunga, angeweza kunyweshwa maziwa au uji kupitia pengo hilo. Aliyefanya kazi hiyo alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, mwaka baada ya mwaka, mpaka mkono wake ukaaminiwa. Hakuwa na ganzi wala dawa ya kuua viini, na kwa sababu hiyo leo hatumshauri mtu yeyote kufanya hivyo. Lakini kumbuka jambo moja: hata wakati huo, kijana hakuachiwa kinywa cha mtu siku ya kwanza.

Bonde letu lina shida nyingine ambayo wengi wenu mnaijua kwa kutazamana tu. Ni meno yenye madoa ya kahawia. Watu wa sehemu nyingine za nchi huwacheka watoto wetu na kudhani hawapigi mswaki. Si kweli. Chanzo chake ni floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano na kuingia katika maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Visima vingi vya Njoro, Nakuru na Naivasha huvuka kiwango hicho. Maji ya Ziwa Nakuru lenyewe, ambayo bila shaka hakuna anayeyanywa, yamewahi kupimwa na kupatikana na miligramu 2,800 kwa lita, mojawapo ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani kwa maji ya asili.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watoto 4 kati ya 10 waliopimwa nchini walikuwa na dalili za floraidi kwenye meno. Mtu mzima 1 kati ya 3 alikuwa na jino lililooza, na kwa watoto ilikuwa karibu 1 kati ya 4. Kwa hiyo kazi ipo nyingi, na mikono inayoweza kuifanya ni michache. Ndiyo maana swali la miaka linatuhusu sisi sote, hata asiye na mtoto wa kupeleka chuoni. Kila mwaka unaoongezwa katika masomo ni mwaka ambao mgonjwa wa Kuresoi au Mogotio anaendelea kungoja. Na kila mwaka unaoondolewa vibaya ni hatari kwa mgonjwa huyo huyo.

Miaka iliongezeka vipi?

Hapo zamani duniani kote kazi ya meno ilikuwa ya fundi. Kijana alijiunga na fundi wa meno kama vile leo kijana anavyojiunga na fundi wa magari pale gereji. Chuo cha kwanza cha meno duniani kilifunguliwa mwaka 1840 katika mji wa Baltimore, Marekani. Walioanzisha ni madaktari wawili, Horace Hayden na Chapin Harris. Masomo yake yalikuwa mafupi sana ukiyalinganisha na ya leo. Mwaka 1867 Chuo Kikuu cha Harvard kikafungua idara ya meno, na hapo kazi hii ikaanza kuhesabiwa kuwa elimu ya chuo kikuu.

Baadaye kukatokea shule nyingi za biashara, ambazo zilimchukua mtu yeyote mwenye pesa na kumpa cheti. Mwaka 1926 profesa mmoja aitwaye William Gies alitoa ripoti kubwa kuhusu shule za meno za Marekani na Canada. Alisema kwamba kinywa ni sehemu ya mwili, na anayekitibu lazima aujue mwili mzima. Akapendekeza mwanafunzi apitie kwanza chuo kikuu kwa miaka 2, asome mambo ya sayansi, ndipo aingie shule ya meno kwa miaka 3. Shule za biashara zikapungua. Lakini miaka haikubaki kama alivyopendekeza. Iliongezeka mpaka ikawa desturi huko Marekani kwamba mtu husoma shahada ya kwanza miaka 4, ambayo inaweza kuwa ya somo lolote mradi masomo ya sayansi yamo, kisha shule ya meno miaka 4 mingine. Jumla ni miaka 8 baada ya sekondari.

Wamarekani walivyojaribu kuipunguza

Miaka 8 ni mingi hata kwa tajiri. Wamarekani wenyewe wamejaribu mara kadhaa kuipunguza, na kila jaribio lina fundisho.

Jaribio la kwanza lilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Jeshi lilihitaji madaktari wa meno haraka. Shule zikaondoa likizo, zikafundisha mwaka mzima bila kupumzika, na miaka 4 ikaingia ndani ya miaka 3. Angalia vizuri, msikilizaji: hawakuondoa masomo, waliondoa likizo. Vita vilipokwisha, likizo zikarudi.

Jaribio la pili lilikuwa miaka ya 1970. Serikali ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 1971, ilitoa pesa kwa vyuo vitakavyotoa wataalamu wa afya wengi na kwa haraka. Shule nyingi za meno zikageuza ratiba kuwa ya miaka 3. Lakini baada ya miaka michache nyingi kati ya hizo zilirudi kwenye miaka 4. Ratiba ilikuwa imebana. Iliyobaki ni University of the Pacific, katika jimbo la California, ambayo hufundisha miezi 36 mfululizo.

Njia ya tatu ndiyo ile jirani aliyoisikia. Chuo humpokea kijana moja kwa moja kutoka sekondari na kumwahidi nafasi katika shule ya meno. Badala ya kumaliza shahada nzima ya miaka 4, husoma miaka 2 au 3 ya masomo ya jumla, kisha huingia shule ya meno, na masomo ya huko huhesabiwa pia kukamilisha shahada ya kwanza. Katika University of the Pacific kuna mpango wa miaka 2 na mitatu. Ukijumlisha, unapata 5. Vyuo vingine huunganisha 3 na 4, ikawa 7.

Sasa msikilizaji, umeisikia hiyo hesabu? Njia ya haraka kabisa ya Marekani, ile inayotangazwa kuwa ya wanafunzi hodari tu, ni miaka 5 kutoka sekondari. Hiyo ndiyo miaka ile ile ambayo mwanafunzi wa Kenya husoma Nairobi. Anayeuza shamba la Bahati ili mtoto akapate njia ya mkato ya Marekani ajue kwamba mkato huo umekuwa hapa Kenya kwa zaidi ya miaka 50.

Nairobi, mwaka 1974

Kwa nini sisi tuna miaka 5 na si 8? Ni kwa sababu tulirithi mpangilio wa Waingereza. Kwao mwanafunzi wa udaktari hutoka sekondari na kuingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari. Hapiti kwanza kwenye shahada nyingine.

Kabla ya mwaka 1974, Mkenya aliyetaka shahada ya udaktari wa meno alilazimika kwenda ng'ambo. Ilihitaji ufadhili au pesa nyingi, na wengine walipomaliza hawakurudi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanza kufundisha madaktari wa kawaida mwaka 1967. Mwaka 1974 kikafungua masomo ya upasuaji wa meno chini ya kitivo cha udaktari. Majirani wetu walifuata: Tanzania ilianza pale Muhimbili mwaka 1979, na Uganda ikaanza Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huku kwetu Bonde la Ufa, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret nacho baadaye kikafungua shule ya meno, ili mwana wa Burnt Forest au wa Eldama Ravine asilazimike kwenda Nairobi.

Miaka hiyo 5 inatumikaje? Mwanzoni mwanafunzi husoma mwili wa binadamu: mifupa, mishipa, damu, viini vya magonjwa na jinsi dawa zinavyofanya kazi. Mambo haya anayasoma kama anavyoyasoma daktari wa kawaida. Kisha hujifunza kwa mikono, akichonga na kuziba meno ya bandia kabla ya kugusa mgonjwa. Katika miaka ya mwisho huwatibu wagonjwa wenyewe, mwalimu akiwa amesimama kando. Nairobi wagonjwa hao hutibiwa katika hospitali ya meno ya chuo iliyo barabara ya Argwings Kodhek. Akihitimu, hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi katika hospitali iliyoidhinishwa. Ndipo anaweza kusajiliwa kikamilifu na kufanya kazi bila msimamizi.

Miaka iliyopotea barabarani

Lakini mzee wangu mmoja anayesikiliza atasema, "Mbona mtoto wa ndugu yangu alichukua karibu miaka 9?" Naye atakuwa anasema kweli. Historia ya vyuo vyetu inaonyesha kwamba muda mwingi haukupotea katika masomo. Ulipotea katika kungoja.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliokuwa ndani walikaa nyumbani, na waliokuwa nje wakangoja waliokuwa ndani. Halafu ukaja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Mfumo huo uliondoa Kidato cha Tano na cha Sita, yaani miaka 2, lakini ukaongeza mwaka mmoja katika shahada za kawaida, zikatoka 3 zikawa 4. Mwaka 1990 vyuo vikalazimika kupokea makundi mawili: wale wa mwisho wa Kidato cha Sita na wale wa kwanza wa 8-4-4. Miaka ya 1990 ikajaa migomo na kufungwa kwa vyuo. Ikawa kawaida kijana kufaulu mtihani na kukaa nyumbani karibu miaka 2 kabla ya kuitwa.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo ya kujilipia, ambayo watu waliyaita masomo ya sambamba. Aliyefikisha alama na kuwa na pesa aliingia bila kungoja foleni ya serikali. Masomo hayakuwa mafupi zaidi. Kilichokuwa kifupi ni kungoja. Wazazi wengi waliuza ng'ombe na vipande vya ardhi kwa ajili ya kununua ile miaka 2. Wasiokuwa na cha kuuza waliendelea kungoja. Mwaka 2011 na 2012 vyuo vya umma viliharakisha kuwapokea wanafunzi, makundi mawili kwa pamoja, ili foleni iishe.

Foleni moja ilipopungua upande huu, nyingine ikaonekana upande ule. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56. Jambo mojawapo kubwa lilikuwa wahitimu waliokuwa wakingoja kupangiwa hospitali za kufanyia ule mwaka wa uangalizi, na malipo yao. Kijana amemaliza masomo yote, lakini hawezi kumtibu mtu, kwa sababu hajapata pa kumalizia.

Kwa hivyo tukitaka madaktari wa meno wengi na upesi, pa kuanzia ni hapo. Siku ambayo mwanafunzi anakaa nyumbani akingoja barua haimfundishi kitu, wala haimponyi mgonjwa. Ukiiondoa siku hiyo, hakuna anayeumia.

Njia fupi ya halali

Kuna njia nyingine ambayo nchi zilitumia: kuigawa kazi. Mwaka 1921 nchi ya New Zealand ilianza kufundisha wauguzi wa meno wa shule. Walisoma miaka 2, na kazi yao ilikuwa watoto: kuziba meno, kung'oa yale ya utotoni na kufundisha usafi wa kinywa. Madaktari wengine walipinga, lakini mpango ule uliendelea na nchi nyingi zikauiga.

Sisi hapa Kenya tuna maafisa wa afya ya kinywa katika jamii. Hawa husomea stashahada ya miaka 3 katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, ambacho wengi wetu tunakiita KMTC. Husafisha meno, hung'oa, huziba matundu yasiyo na matatizo, na huenda shuleni kufundisha. Jambo lililo juu ya uwezo wao humpeleka mgonjwa kwa daktari. Huyu si daktari aliyekatizwa masomo. Ni mtaalamu wa kazi yake, aliyefundishwa kazi hiyo yote na kuambiwa mwisho wake ni wapi. Kwa familia isiyoweza kubeba miaka 6, na kwa kijana mwenye moyo wa kutibu, hii ni njia ya heshima.

Njia fupi inayoua

Sasa tuzungumze juu ya yule wa sokoni. Ana kiti, ana koleo na ana koti jeupe. Bei yake ni ndogo. Pengine alikuwa msaidizi katika kliniki fulani, akaona jinsi jino linavyong'olewa, akaamua kujitegemea. Ni kweli kwamba kung'oa jino kunaweza kuonekana rahisi, na mara 9 huenda likatoka bila tatizo. Ile miaka tuliyoihesabu ni kwa ajili ya mara ya 10.

Mara ya 10 mgonjwa ana shinikizo la damu au kisukari na hakuulizwa. Au anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na damu haikomi. Au mzizi wa jino umevunjika na kubaki ndani ya taya. Au usaha wa jino umeshuka shingoni, uvimbe ukaanza kuziba njia ya hewa, na mgonjwa anahitaji hospitali kubwa saa hiyo hiyo, si vidonge vya maumivu. Na kuna hatari isiyoonekana kabisa: koleo lililooshwa kwa maji tu linaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, au virusi vya Ukimwi, kutoka kinywa kimoja hadi kingine.

Kwa sababu hiyo sheria ya madaktari na madaktari wa meno, Sura ya 253, ambayo ilianza kutumika mwaka 1978, inasema asiyesajiliwa asifanye kazi hii. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno huweka orodha ya waliosajiliwa, na leni zao za kazi, yaani leseni, huhuishwa kila mwaka. Unaweza kuomba kuona leseni ya mwaka huu. Daktari wa kweli hatakasirika.

Mzazi aulize nini?

Basi mama, baba, na wewe kijana uliye na ndoto hii, ukisikia juu ya masomo ya haraka popote pale, iwe ni Kenya, India, Urusi au Marekani, usiulize tu ni miaka mingapi. Uliza mambo haya matatu.

La kwanza: ni kitu gani kimeondolewa? Kama ni likizo, kungoja, au shahada ya kwanza ya somo lisilohusiana na meno, hakuna ubaya. Kama ni muda wa kuwatibu wagonjwa ukiwa na mwalimu kando, kimbia.

La pili: shahada hiyo inatambuliwa na Baraza la Kenya? Uliza kabla ya kulipa hata shilingi moja. Aliyesoma nje lazima apimwe na Baraza kabla ya kufanya kazi hapa, na si busara kugundua tatizo baada ya shamba kuuzwa.

La tatu: ile miaka yote italipwa vipi, hata wa mwisho? Mwanafunzi anayekatiza mwaka wa nne kwa kukosa karo hana cheti cha kumwezesha kutibu. Heri familia ipange mapema, iulize juu ya mikopo na ufadhili wa serikali, au ichague stashahada ambayo inaweza kuimaliza.

Kwa wazazi wenye watoto katika mtaala mpya, uamuzi unaanza mapema zaidi. Mtoto anapoingia sekondari pevu, kuanzia Gredi ya 10, huchagua mkondo. Anayeota udaktari wa meno akiacha Biolojia na Kemia, amejifungia mlango akiwa bado mdogo. Zungumzeni naye kabla ya siku ya kuchagua.

Wakati tunapongoja

Daktari wa meno anayeanza masomo leo atakuwa tayari baada ya miaka 6 hivi. Meno ya mtoto wako hayawezi kungoja muda huo. Meno ya mbele ya utu uzima huanza kujengwa ndani ya ufizi tangu utotoni kabisa, na floraidi nyingi katika miaka 8 ya kwanza ndiyo huyaharibu. Yakisha kuota na madoa, mswaki hauyatoi. Kwa hiyo mpe mtoto mdogo maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi kutoka kwenye mabati, na uyachemshe au kuyatia dawa. Kuchemsha maji ya kisima huua viini lakini hakuondoi floraidi. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kutengeneza vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe, na vichujio vya aina hiyo huipunguza sana. Punguza pia magadi katika chakula cha watoto, kwani nayo hubeba floraidi. Piga mswaki mara 2 kwa siku. Mtoto mdogo apewe dawa ya meno kidogo kama punje ya mchele, na afundishwe kuitema.

Na jino likiuma, usingoje mpaka uso uvimbe. Nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, uulize afisa wa afya ya kinywa anakuja siku gani.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kwa mambo ya meno, methali zote mbili zina mahali pake: tuharakishe kuwaita vijana waliofaulu, na tuwape muda wa kutosha kwenye kiti cha mgonjwa.

Hadi tutakapokutana tena katika kipindi chetu, tunza kinywa chako, na Mungu akubariki.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika eneo letu, watu huenda kwa nani jino likiuma? Tunajuaje kama amesajiliwa?
2. Maji tunayowapa watoto wadogo yanatoka wapi? Yamewahi kupimwa floraidi?
3. Kuna vijana wangapi katika kikundi chetu wanaotaka kusomea afya? Ni njia gani, ya stashahada au ya shahada, familia zao zinaweza kuifikisha mwisho?